Dawa Mpya Hupimwa Kabla ya Kuaminiwa: Somo Kuhusu Maabara na Bakteria Sugu

Katika madirisha ya dawa ya zahanati na vituo vya afya, ombi moja husikika mara kwa mara: "Hakuna dawa yenye nguvu zaidi ya hii?" Anayeuliza huwa ameshatumia dozi moja au mbili bila kupata nafuu, naye huamini kwamba dawa zimepangwa kama ngazi, iliyo ghali ikiwa juu na iliyo mpya ikiwa kileleni. Imani hiyo ina chembe ya ukweli na sehemu kubwa ya kosa. Antibiotiki mpya zipo, na zimeokoa maisha ya watu ambao dawa za zamani zilishindwa kuwaponya. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake inayoua kila aina ya bakteria. Sefiderokoli, kwa mfano, ni miongoni mwa antibiotiki mpya zinazosifiwa sana, lakini haifai kutibu maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria wa jamii ya streptokoka, ambao penisilini ya zamani bado inawaua.

Kinachoamua dawa ipi itafaa ni aina ya bakteria aliyemo mwilini na silaha alizonazo. Mambo hayo hayaonekani kwa macho, wala hayatambuliki kwa ukali wa homa. Hutambuliwa maabara. Somo hili linaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanywa, jinsi majibu yake yanavyosomwa, na sehemu ya mkazi wa kata katika kukifanya kiwe na manufaa.

Maana ya usugu

Bakteria ni viumbe hai vidogo mno. Wengi wao hawana madhara. Aina iitwayo Escherichia coli, kwa kifupi E. coli, huishi ndani ya utumbo wa binadamu bila kumsumbua. Ugonjwa huanza pale anapoingia mahali pasipo pake, kama njia ya mkojo au damu. Usugu ni uwezo wa bakteria kuendelea kuishi na kuzaliana mbele ya dawa iliyopaswa kumuua au kumzuia. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kutumia antibiotiki maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria sugu kutoka kwa mtu mwingine, katika maji machafu, au katika wodi ya hospitali.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba matumizi ya dozi pungufu yangewazoesha bakteria kuistahimili dawa hiyo. Onyo lake limetimia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na usugu wa bakteria, na kwamba mzigo huo, ukilinganishwa na idadi ya watu, ulikuwa mkubwa kuliko kote katika Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto walioambukizwa damu na bakteria wenye uwezo wa kuharibu dawa nyingi walikufa kwa kiwango cha juu kuliko wale walioambukizwa na bakteria wasio na uwezo huo.

Uwezo huo hutokana zaidi na vimeng'enya. Penisilini, amoksilini, seftriaksoni na meropenemu ni dawa za ukoo mmoja. Zote zina umbo la pete ndani yake, na pete hiyo ndiyo inayozipa nguvu. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoikata pete, na dawa hubaki kitu kisicho na kazi. Baadhi ya vimeng'enya hukata amoksilini tu. Vingine, vinavyojulikana kwa kifupi kama ESBL, hukata hata seftriaksoni, dawa ya sindano inayotumika sana hospitalini. Vikali zaidi, kama KPC, OXA-48 na NDM, hudhoofisha au kuharibu hata meropenemu na ndugu zake, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa kimbilio la mwisho. NDM ilitambuliwa kwa mgonjwa aliyechunguzwa nchini Uswidi mwaka 2008 baada ya kutibiwa India. Tangu hapo imeonekana katika mabara yote yanayokaliwa na watu.

Siku tatu za kazi

Wakazi wengi huuliza kwa nini majibu ya malaria hutoka ndani ya dakika chache, ilhali majibu ya kuotesha bakteria huchukua siku kadhaa. Sababu ni kwamba bakteria lazima wapewe muda wa kukua. Mfano wa mkojo wa mgonjwa mwenye dalili za UTI utaeleza vyema.

Siku ya kwanza, mtaalamu wa maabara huchovya kwenye mkojo kijiti chenye kitanzi kinachobeba ujazo unaojulikana, kwa kawaida sehemu moja ya elfu ya mililita. Tone hilo hupakwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria kilichoganda mfano wa jeli, kiitwacho aga, na sahani huwekwa katika kabati lenye joto la takriban nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, karibu sawa na joto la mwili wa binadamu.

Siku ya pili, kila bakteria aliyekuwa hai huwa amezaliana hadi kuwa doa linaloonekana kwa macho. Madoa huhesabiwa. Madoa 100 kutoka katika kitanzi hicho humaanisha kuwa kila mililita ya mkojo ilikuwa na bakteria wapatao 100,000, kiwango ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa dalili ya maambukizi ya kweli. Kisha jina la bakteria hutafutwa kwa vipimo vingine. Siku hiyohiyo huanza kipimo cha dawa chenyewe. Bakteria huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo maalumu, mchanganyiko hupakwa sawasawa juu ya aga mpya yenye unene wa milimita 4, na juu yake hupangwa vipande vya karatasi vya mviringo vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kikiwa na dawa yake.

Siku ya tatu, baada ya saa 16 hadi 18 ndani ya joto, sahani husomwa. Bakteria huwa wametanda kama utando mweupe. Dawa iliyowashinda huwa imejizungushia duara tupu lisilo na bakteria; dawa iliyoshindwa huzungukwa na utando hadi kwenye ukingo wa karatasi. Njia hii, iliyoelezwa kwa utaratibu wake wa sasa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, bado ndiyo inayotumika katika maabara nyingi duniani kwa sababu ni nafuu na haihitaji mashine kubwa.

Duara kubwa si lazima liwe dawa bora

Hapa ndipo makosa mengi ya uelewa hutokea. Mtu akiona sahani yenye maduara mawili atadhani lililo kubwa ni la dawa bora. Si hivyo. Kila dawa husambaa ndani ya aga kwa kasi yake, na kila moja ina mpaka wake. Kwa mujibu wa viwango vya Marekani vya kupima E. coli na jamaa zake, ampisilini yenye duara la milimita 20 husomwa kuwa inafaa, kwa kuwa mpaka wake ni milimita 17. Siprofloksasini yenye duara hilohilo la milimita 20 husomwa kuwa imeshindwa, kwa kuwa mpaka wake ni milimita 26. Rula ni moja, namba ni moja, na hukumu ni mbili zinazopingana.

Mipaka hiyo haikubuniwa maabara. Huwekwa na kamati za wataalamu wanaolinganisha mambo matatu: kiasi cha dawa kinachohitajika kumzuia bakteria, kiasi kinachofika katika damu ya mgonjwa kwa dozi ya kawaida, na matokeo ya wagonjwa waliotibiwa. Ndiyo sababu majibu hayaandikwi kwa milimita peke yake, bali kwa herufi: S, yaani bakteria anaitikia dawa, R, yaani ni sugu, na I, iliyo kati ya hizo mbili. Katika viwango vya Ulaya, tangu mwaka 2019, herufi I humaanisha kwamba dawa itafaa endapo itatolewa kwa dozi kubwa zaidi au kwa namna itakayoifikisha kwa wingi mahali penye ugonjwa. Mgonjwa anayeiona herufi hiyo hapaswi kujiongezea vidonge. Uamuzi huo ni wa daktari.

Panapohitajika usahihi zaidi, maabara hutumia njia ya vimiminika. Dawa hutiwa katika vishimo vidogo kwa viwango vinavyoongezeka maradufu: miligramu 1 kwa lita, kisha 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kila kishimo huongezwa bakteria. Kishimo cha kwanza kinachobaki kimeng'aa bila ukungu huonyesha kiasi cha chini kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria huyo.

Dawa mpya na masharti yake

Antibiotiki mpya huleta mashaka mapya maabarani, kwa kuwa hazipimwi zote kwa njia moja. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni seftazidimu-avibaktamu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2015. Seftazidimu ni dawa ya tangu miaka ya 1980. Kilicho kipya ni avibaktamu, ambayo kazi yake ni kuvifunga vimeng'enya ili visiikate seftazidimu. Huvifunga KPC na OXA-48, lakini haiwezi kuifunga NDM. Kwa hiyo wagonjwa wawili waliolala vitanda vinavyopakana, wote wakiwa na bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae aliye sugu kwa meropenemu, wanaweza kupewa dawa hii mpya, mmoja akapona na mwingine asipate nafuu yoyote. Tofauti yao ni kimeng'enya kimoja. Vipo vipimo vya ukanda vinavyotambua kimeng'enya hicho kutoka katika doa la bakteria kwa muda wa takriban dakika 15, navyo huweza kumwepusha mgonjwa na siku za matibabu yasiyofaa. Kwa bakteria wenye NDM, watafiti waliiunganisha avibaktamu na aztreonamu, dawa ambayo NDM haiwezi kuikata. Muungano huo uliidhinishwa barani Ulaya mwaka 2024.

Dawa hiyohiyo ya kwanza inaonyesha hatari nyingine. Viwango vya Marekani hutumia karatasi yenye mikrogramu 30 za seftazidimu na 20 za avibaktamu, na mpaka wa duara ni milimita 21. Viwango vya Ulaya hutumia karatasi yenye mikrogramu 10 na 4, na mpaka ni milimita 13. Maabara inayotumia karatasi za upande mmoja na jedwali la upande mwingine itatoa majibu ya uongo, ingawa kila mtumishi amefanya kazi yake kwa uangalifu.

Wa pili ni sefiderokoli, iliyoidhinishwa mwaka 2019. Dawa hii hujishikiza kwenye madini ya chuma, ambayo bakteria huyatafuta kwa bidii akiwa mwilini, kwa kuwa mwili wenye maambukizi huyaficha. Bakteria huivuta dawa ndani akidhani anajivutia chakula, kama samaki anayemeza chambo pamoja na ndoana. Lakini katika kimiminika cha kawaida cha maabara chuma ni kingi, bakteria hana njaa nacho, na dawa haivutwi ndani kwa kiasi kinachotakiwa. Dawa nzuri huonekana dhaifu. Ndiyo maana hupimwa katika kimiminika kilichopunguzwa chuma kwanza.

Wa tatu ni kolistini, dawa kongwe iliyorudishwa kazini baada ya nyingine kushindwa. Chembe zake ni kubwa na hazisambai vizuri ndani ya aga, kwa hiyo kipimo cha karatasi hakiaminiki. Hupimwa kwa njia ya vimiminika.

Ili kujihakikishia, maabara huwapima pia bakteria maalumu ambao tabia yao inajulikana tayari. Aina moja ya E. coli, iliyosajiliwa kwa namba 25922, hutumika kwa kazi hii katika nchi nyingi. Majibu yake yakitoka nje ya mipaka iliyowekwa, majibu ya wagonjwa ya siku hiyo hayatolewi hadi kasoro ipatikane: huenda aga ilikuwa nene mno, karatasi zilipata unyevu, au umeme ulikatika na joto likashuka. Mgonjwa anayeambiwa arudi kesho kwa sababu hiyo hacheleweshwi kwa uzembe, analindwa.

Kwa nini mgonjwa apaswa kuyarudia majibu

Swali la haki huulizwa: je, mgonjwa mahututi asubiri siku tatu? Hasubiri. Daktari huchukua sampuli kwanza, kisha huanza dawa kwa kufuata mwongozo wa matibabu na hali ya mgonjwa. Majibu yakija, dawa hubadilishwa endapo imeonekana haifai, au hupunguzwa kutoka dawa kali hadi nyepesi iliyothibitika kutosha. Kipimo ambacho majibu yake hayakuchukuliwa ni sawa na kipimo ambacho hakikufanyika. Yapo madhara pia kwa kata nzima, kwa kuwa majibu ya wagonjwa wengi yakikusanywa ndiyo yanayowaonyesha wataalamu dawa zipi bado zinafanya kazi katika eneo husika.

Si kila kituo kina maabara ya kuotesha bakteria. Zahanati na vituo vya afya hutegemea rufaa kwenda hospitali zenye huduma hiyo, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza mtoa huduma kama sampuli yake inahitaji kupelekwa huko na majibu yatarudi kwa njia gani.

Akiba isiyo ya mtu mmoja

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: dawa za kawaida zinazopaswa kupatikana kwa urahisi, dawa za kutumiwa kwa tahadhari, na dawa za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini na meropenemu katika la pili. Kolistini, sefiderokoli na seftazidimu-avibaktamu katika la tatu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza kwa kutumiwa ovyo. Kila inapotumika bila sababu, bakteria wachache wanaoistahimili hubaki hai na kuongezeka. Mgonjwa anayelazimisha apewe dawa ya akiba kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na hayaponywi na antibiotiki yoyote, hujipunguzia yeye na jirani zake kinga ya siku ya hatari.

Yanayotakiwa kwa mkazi wa kata si mengi, na yote yanawezekana:

1. Sampuli itolewe kabla ya kumeza antibiotiki. Vidonge viwili vilivyonunuliwa dukani asubuhi vinaweza kuwazuia bakteria wasiote, na maabara ikaandika kwamba hawapo ilhali wapo. Aliyekwisha kumeza amweleze mtoa huduma bila kuficha.

2. Mkojo wa kupima uwe wa katikati: wa mwanzo umwagwe, wa katikati ukingwe katika chombo safi kilichotolewa na kituo. Ufike maabara ndani ya saa 2, au uhifadhiwe katika jokofu.

3. Majibu yafuatwe, hata kama mgonjwa amepata nafuu.

4. Dawa itumiwe kwa kiasi, saa na siku zilizoandikwa. Iliyobaki isigawiwe ndugu wala kuhifadhiwa kwa ugonjwa mwingine.

5. Mfugaji wa kuku au ng'ombe amwone afisa mifugo kabla ya kutumia antibiotiki, na asiuze mayai, maziwa wala nyama kabla ya siku za kusubiri kwisha. Usugu dhidi ya kolistini unaoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine ulitangazwa nchini China mwaka 2015, na ulikutwa kwa nguruwe na kwa binadamu.

6. Mikono ioshwe kwa sabuni, vyoo vitumiwe, na watoto wakamilishe chanjo. Maambukizi yaliyozuiwa hayahitaji dawa, iwe mpya au ya zamani.

Mwenye swali kuhusu kipimo au dawa aliyoandikiwa anashauriwa kumwona mganga wa kituo chake au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akiwa na cheti cha matibabu na pakiti za dawa zote alizokwisha kutumia. Pakiti hizo, hata zikiwa tupu, humsaidia daktari kujua ni dawa zipi zimeshindwa, na maabara ianze na zipi.